Mashini yetu inalala kwa nyumba ya mwengine

Maneno ya harakati yetu mbele ya wajumbe wa mutuele za akiba, masomo, vituo vya afya na mashirika ya vijana. Goma, Septemba 2024.



Wengi wenu mulituuliza ulizo moja. Ile mashini kubwa, seva, yenye kubeba vitabu vya akiba za wanamemba, fishi za wagonjwa, pointi za wanafunzi: tuiache kwa biro, ao tuipeleke kwa kampuni zenye kupangisha nafasi ya seva? Kuko wenye walipewa bei tayari. Kuko mama mmoja hapa mbele ambaye alituonyesha kontra inangoja saini yake. Leo tutajibu vile tunajua, na tutaanza na aibu yetu wenyewe, juu haifai kufundisha watu kitu tulichoharibu sisi wa kwanza halafu tunyamaze.

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021, magaribi, Nyiragongo ilipasuka. Munakumbuka: lava ilishuka mpaka Buhene, ikasimama karibu na uwanja wa ndege, na siku zilizofuata udongo ulitetemeka usiku na mchana. Alhamisi tarehe 27, asubuhi mapema, gavana alitangaza kwamba kartie kumi za muji zihame. Biro yetu ya wakati ule ilikuwa ndani ya moja ya zile kumi. Seva yetu ilikuwa chini ya meza, tuliifunika kitenge juu ya vumbi. Ndani yake mulikuwa miaka mbili ya kazi: malalamiko ya raia juu ya maji isiyofika, fakture za umeme zisizoeleweka, franga walizoombwa kwenye vizuizi vya barabara. Na majina yao, na namba zao za simu.

Kamarade mmoja aliing'oa kwenye waya, akaipakata kwenye pikipiki mpaka Sake. Mwenye alipita barabara ile siku ile, na maelfu ya watu kwa miguu, magodoro kichwani, watoto wanashikana mikono, anaelewa. Kwa macho, mashini ilifika nzima. Kisha wiki mbili tuliiwasha: diski ikalia tik, tik, tik, ikanyamaza. Basi tukasema, nakala iko. Iko wapi? Iko kwenye diski ndogo ya inje, ndani ya droo ya meza ileile. Ile asubuhi ya kukimbia hakuna mutu aliyekumbuka droo. Tuliporudi, mulango ulikuwa umevunjwa na droo ilikuwa tupu.

Kazi ya miaka mbili ilipotea, lakini haikuwa hiyo iliyotuuma zaidi. Ile diski ya droo haikufungwa na neno la siri. Majina ya watu waliotuamini yalitoka na mwizi. Inawezekana aliifuta akaijaza filamu, akaiuza kule Virunga soko. Inawezekana hapana. Tulipita nyumba kwa nyumba kuwaambia wale tuliowakumbuka, na baba mmoja alitujibu neno hatutasahau: « Mulikuja kuandika jina langu kwa kalamu nzuri, mukaliacha kwa droo mbaya. »

Kwa hiyo, kutoka chini ya meza, ndiyo. Kwa jambo hilo hatuna shaka tena. Tunaishi kwenye muji ambao lava ilipasua katikati yake Januari 2002 na ikakaribia tena 2021. Umeme wetu unatoka Matebe kwa wenye Virunga, ao Ruzizi kwa wenye SNEL, na siku laini inakatwa kule Rutshuru hakuna mutu atakayekupigia simu mbele. Seva haipendi kuzimwa gafla. Haipendi joto, haipendi vumbi jeusi la kwetu hapa. Kituo cha data ni nyumba iliyojengwa kwa ajili ya mashini peke yake: umeme unaingia kwa njia mbili, batri zinashikilia dakika chache mpaka jenereta ziamke, hewa inapozwa mchana na usiku, moto unazimwa na gazi juu maji ingeua mashini, kuko walinzi, na kuko fibre za kampuni zaidi ya moja.

Ndani yake munakuta makabati ya chuma yenye upana uleule dunia nzima. Urefu wa kabati wanauhesabu kwa kipimo wanaita U, na U moja ni karibu sentimita nne na nusu. Kabati la kawaida lina 42. Wewe mwenye mutuele ndogo unaweza kupanga U moja tu, na juu yako iwe banki, chini yako iwe kampuni ya bia. Ndiyo maana tunasema ni nyumba ya pamoja. Kila mutu ana chumba chake, lakini paa ni moja, mulango mukubwa ni moja, na bayere ni mmoja.

Na kupanga kuko kwa namna tofauti, hapa ndipo wauzaji wanachanganya watu. Namna ya kwanza: mashini ni yako, umeinunua, unalipa nafasi, umeme na fibre. Ikivunjika diski, ni wewe unaleta diski. Namna ya pili: unapanga mashini yao nzima, wewe peke yako ndani. Namna ya tatu, ile ya « wingu »: mashini moja kubwa imekatwa vipande kwa programu, unapanga kipande, na hata hujui jirani yako ni nani. Kontra ya mama yule ilisema « hébergement » tu, bila kusema ni ipi kati ya hizo. Mama, usisaini mpaka waandike.

Sasa musifikiri nyumba nzuri haiungui. Wiki kumi mbele ya volkano yetu, usiku wa tarehe 10 Machi 2021, moto uliwaka Strasbourg, Ufaransa, kwenye vituo vya OVH, moja ya kampuni kubwa kabisa za kazi hiyo Ulaya. Jengo moja lenye ghorofa tano, SBG2, liliungua lote. Sehemu ya jengo la pembeni iliungua pia, na yale mengine mawili yalizimwa. Hakuna mutu aliyekufa, na hiyo tunashukuru. Lakini mamilioni ya kurasa za intaneti zilitoweka asubuhi ile, za maduka, za miji, za mashirika. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba hakukuwa na mfumo wa kuzima moto wenyewe ndani ya jengo lile, na kwamba kukata umeme kulichukua masaa wakati wazimamoto wanangoja.

Asubuhi ileile mwanzilishi wa kampuni, Octave Klaba, aliwaambia wateja wawashe mpango wao wa dharura. Fikirieni maana ya neno hilo. Mpango wao, wa wateja. Wengi walifikiri kulipa pango ya kila mwezi ndiyo mpango wenyewe. Kuko waliokuwa na nakala kwenye muji mwengine, wakarudi kazini siku chache tu. Kuko waliopoteza yote, milele, watu wa Ulaya wenye makuta na mainjinia, kama vile sisi tulipoteza na kitenge chetu.

Na kuko kisa kimoja ambacho tunataka mukishike. Kampuni moja ndogo ya Ufaransa ilikuwa imelipa zaidi ili iwekewe nakala. Kontra ilisema nakala ile itakuwa imetengwa na mashini yenyewe. Baada ya moto ikaonekana nakala ilikuwa ndani ya jengo lilelile. Ilienda mahakamani, na mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille Métropole, ngazi ya kwanza, ikaihukumu OVH ilipe. Tazameni ni nini kiliwaokoa mbele ya hakimu: sentensi moja ndani ya kontra. Hawakuwa na nakala, lakini walikuwa na karatasi iliyoandikwa vizuri. Wengi wetu hapa tungekuwa bila nakala na bila karatasi.

Mutatuambia: Strasbourg ni mbali. Sawa. Turudi kwetu. Kinshasa sasa kuko vituo vya data vya kweli, kile cha OADC pamoja na Texaf, kile cha Raxio. Tunafurahi, juu miaka mingi hata barua ya wizara ilikuwa inalala Ulaya. Wauzaji watawaambia « Tier III ». Hiyo ni daraja ya Uptime Institute, na maana yake ni kwamba wanaweza kutengeneza kipande chochote, jenereta ao kipoza hewa, bila kuzima seva yako. Uliza cheti. Na ukipewa cheti, soma tena: kuko cheti cha michoro na kuko cheti cha jengo lenye lilijengwa. Mutu anaweza kuwa na cha kwanza tu na akakionyesha kwa mikono miwili.

Lakini toka Goma mpaka Kinshasa hakuna barabara, munajua hiyo. Ukipeleka mashini yako kwa ndege, siku diski inaharibika nani anaenda kuibadilisha? Kituo kinaweza kukupangishia mikono ya mafundi wao, kwa saa, na saa ile iko na bei. Kwa hiyo tunasema bila kuzunguka: mutuele ya wanamemba 200 ya Ndosho ao Katoyi haina sababu ya kununua seva na kuipandisha ndege. Ipange kipande kidogo, namna ya pili ao ya tatu, na ile mashini ya zamani ibaki biro kama nakala. Hospitali kubwa yenye picha za radio na fundi wake, hiyo ni hesabu ingine. Hawa wafikirie namna ya kwanza.

Kisa chetu cha pili sasa, na hiki hatukumukiri mutu mpaka leo.

Kisha 2021 tulipanga nafasi kwa kampuni moja, katika muji mwengine. Tukanunua mashini mupya, tukaipeleka, tukapiga picha mbele ya kabati. Tukalala usingizi. Mwaka mmoja na nusu mbele, seva ikanyamaza. Tukapiga simu. Wakasema, fakture mbili hazijalipwa. Tulikuwa tumelipa, lakini makuta yalikuwa yamekwama kwa banki ya katikati. Sawa, tukatuma kamarade na pesa mukononi. Akalipa, akapewa lisiti, akasema sasa munifungulie nione mashini. Wakamuuliza jina. Jina lake haliko kwenye liste. Kwenye liste ya wenye ruhusa ya kuingia kulikuwa jina moja tu, la kamarade aliyesaini kontra, na yule alikuwa Kampala kwa masomo, alishabadilisha namba.

Siku kumi na tisa. Mashini ni yetu, fakture imelipwa, na tunaitazama kwa mawazo tu nyuma ya mulango wa chuma. Tuliwakasirikia sana wale walinzi. Leo tunasema walifanya kazi yao. Ungependa mulinzi anayefungulia kila mutu mwenye lisiti mukononi? Kosa lilikuwa letu, na lilikuwa kosa la kuzoea: kwetu mutu mmoja ndiye anajua yote, anashika maneno yote ya siri, na tunamuita « mwenye informatike ». Siku anasafiri, ao anagombana na prezida, shirika linakuwa kipofu. Sasa liste yetu iko na majina tatu, tunaisoma upya kila mukutano mukubwa, na anayetoka kwenye kamati anatoka pia kwenye liste wiki ileile.

Na ndani ya kontra musome mambo ya pango kama vile munasoma kwa bayere wa nyumba. Hapa Goma kila mutu anajua kuuliza: garantie miezi ngapi, nikichelewa kulipa unanitoa lini, maji nani analipa? Lakini mbele ya kontra ya seva watu wanaona kurasa kumi na moja za kifaransa na wanashika kalamu. Ni maulizo yaleyale. Nikichelewa, munazima kisha siku ngapi? Munafuta lini? Na nikitaka kuhama, nitatoa mashini yangu ao data yangu kwa muda gani, na kwa bei gani? Kuko kampuni zinashikilia mashini mpaka deni liishe, na kama wameandika hivyo na ukasaini, huna pa kulia. Uliza pia umeme unahesabiwaje, juu kwenye nyumba hizi umeme mara nyingi ndio unakula franga kupita nafasi yenyewe.

Jambo lingine ni njia. Mashini inaweza kuwa nzima, imepozwa vizuri, na wewe usiifikie. Agosti 2023 udongo uliporomoka chini ya bahari, kwenye korongo la mto Congo, ukakata kebo ya WACS yenye kuingia Muanda, na upande wa magaribi wa inchi intaneti ikawa ya kulia kwa wiki. Sisi wa mashariki fibre yetu inapita zaidi kwa majirani mpaka bahari ya Hindi, kwa hiyo tuko na hatari zingine. Na kuko ukataji wa makusudi. Toka tarehe 31 Desemba 2018 mpaka 19 Januari 2019, kisha uchaguzi, serikali ilikata intaneti inchi nzima karibu siku ishirini. Kituo cha afya chenye fishi zote Kinshasa ao Paris, siku ile kinamutazama mugonjwa na hakijui alipewa dawa gani juzi. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba nakala ya kusomea ibaki hapa, kwa biro, hata kwenye ordinatere ya zamani yenye batri na paneli ya jua. Mupango wa vitu viwili, mbali na karibu, unagharimu kidogo zaidi. Tunaukubali.

Tunafika kwa lile jambo ambalo vijana wanatuuliza inje, kwa sauti ya chini. Mashini ikilala kwa nyumba ya mwengine, nani anaweza kuifungua?

Jibu la kweli: mwenye nyumba anaweza kuishika kwa mikono. Na siku karatasi ya parke inafika, ao watu wenye hawana hata karatasi, mwenye nyumba si kamarade wako, iko na biashara na wafanyakazi wa kulinda. Tuko na sheria: ordonansi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ile wanaita Code du numérique, iko na sehemu nzima juu ya data za watu binafsi. Tuisome, tuitumie, tuitaje ndani ya kontra. Uliza kampuni iandike kwamba itakujulisha ikipata amri juu ya mashini yako, kila mara sheria inairuhusu. Wengine watakataa. Hata kukataa kwao ni habari.

Lakini kufuli halisi iko kwako. Diski inafungwa na neno la siri refu kabla haijatoka biro, hivi kwamba mwenye kuing'oa kabatini anaona herufi za kuchafuka tu. Nakala pia, kila nakala, hata ile ya droo. Neno lile la siri halikai kwa kampuni, halikai ndani ya seva yenyewe. Kwetu limeandikwa kwenye karatasi mbili, nyumba mbili tofauti, kwa watu wawili ambao hatuwataji. Na muelewe vizuri: kufuli hii inalinda mashini iliyozimwa. Ikiwa imewashwa na inafanya kazi, mwenye kuishika anaweza kufika mbali zaidi, na kwenye ile namna ya tatu, ya vipande, mwenye mashini kubwa ana nafasi nyingi za kuona. Kwa hiyo majina ya watu walioshuhudia jambo la hatari, sisi hatuyaweki tena kwenye seva yoyote, ya kupanga ao ya kwetu. Fishi inaenda na namba. Jina linabaki kwenye daftari, na daftari iko na tarehe ya kuchomwa. Ile baba ya kalamu nzuri, fishi yake mupya iko hivyo, alikuja mwenyewe kuhakikisha.

Mama mwenye kontra, tutakaa na wewe kisha hapa tuisome yote, ukurasa kwa ukurasa. Na wengine: jumamosi ijayo, saa mbili asubuhi, kwenye kituo cha afya cha kartie chenye kilitukubalia, tutafanya jaribio. Tutazima mashini yao ya biro kabisa, tutachukua nakala peke yake, na tutaona kama fishi za wagonjwa zinafunguka na kwa muda gani. Infirmier mukubwa atashika saa. Mara ya mwisho, kwa nakala yetu wenyewe, ilitushinda masaa matano juu hakuna aliyekumbuka toleo la programu. Mulete diski zenu za nakala, tutazijaribu moja moja, na yenye haitafunguka tutamuambia mwenyewe palepale.